Uzi: Vifaa vya muziki kwa wenye ulemavu Dodoma, tuanzie kwenye ilimba na muheme

Fundi wa Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti hapa Dodoma mjini. Amplifaya za makanisa, mikisa za bendi, spika za mikutano, maiki zilizomwagiwa soda, vyote vinapita mezani kwangu. Kazi hii imenikutanisha na wapenzi wa muziki wa kila aina, wakiwamo wasioona, viziwi, na watu ambao mikono yao haifuati kile kichwa kinachotaka. Leo naomba tuzungumze kwa kina kuhusu vifaa wanavyotengenezewa, kwa sababu vijana wengi wa kompyuta hapa mjini wana moyo wa kusaidia lakini kazi wanaianzia mwisho.

Kawaida inakuwa hivi. Mtu anabuni programu au kifaa, anakimaliza, ndipo anatafuta kikundi cha wenye ulemavu wakijaribu. Wanajaribu, wanapigwa picha, wanashukuru, kisha kifaa kinakaa kabatini. Hakuna aliyewauliza mapema wanapenda muziki gani, wanakaaje wanapopiga, wanachoka upesi kiasi gani, nani anawashikia simu, nyumbani umeme upo au haupo. Maswali hayo yakiulizwa mwishoni hayana kazi tena, maana kila waya umeshachomewa.

Nitoe mfano niliouona mwenyewe. Kuna kijana mwenye mtindio wa ubongo, kwao ni upande wa Chamwino, amekulia nyumba ya waimbaji. Mama yake na mama zake wadogo wote wanapiga muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo. Akaletewa tableti yenye kinanda cha kwenye kioo. Vidole vyake hushuka vitatu kwa pamoja na huchelewa kunyanyuka, kwa hiyo kila akigusa zinalia sauti tatu zinazogombana. Wakamwongezea ukubwa wa vitufe. Sauti ikawa moja, lakini bado anakisukuma pembeni. Tulipokaa naye taratibu, dada yake akitusaidia kwa kuwa anamwelewa vizuri, akasema hicho kitu hakiimbi kama nyumbani.

Waliokuwepo walidhani anadeka, ameshazoea ngoma za kwao basi. Mimi nikawasha programu ya kupimia sauti kwenye simu, nikapima kinanda, nikapima ilimba ya mjomba wake, ile ala ya Kigogo yenye ndimi za chuma. Kijana alikuwa sahihi kabisa.

Nieleze, maana hapa ndipo penye uzito. Watafiti wa muziki, Gerhard Kubik akiwa mmoja wao, walishaandika kwamba ngazi ya sauti ya Wagogo inatoka kwenye sauti za asili zilizojificha ndani ya sauti moja. Uzi ukitetemeka mara 100 kwa sekunde, ndani yake mna pia 200, 300, 400 na kuendelea juu. Wagogo wanaimba kule juu, kwenye ya sita, ya saba, ya nane na ya tisa, yaani 600, 700, 800 na 900. Sasa chukua kinanda cha dukani, kianzie kwenye 100 hiyo hiyo. 600 utaipata karibu kabisa. 800 ipo. 900 ipo, imepungua kidogo tu. Ila 700 haipo. Kitufe cha jirani kinatoa kama 713, kimepanda karibu theluthi ya nusu toni, yaani theluthi ya hatua ya kutoka kitufe hadi kitufe cha jirani. Kwa sikio lililolelewa na ilimba, hiyo 713 ni sauti mbovu inayorudi kila baada ya muda mfupi, kwenye kila wimbo.

Tulichofanya ni kurekodi ndimi za ile ilimba ya mjomba, ulimi mmoja mmoja, na mlio wake wote wa kunguruma. Wanaoijua ilimba wanajua ule mngurumo unawekwa makusudi, kwa vipete vya chuma kwenye ndimi na utando wa buibui juu ya tundu. Programu nyingi za kurekodi zina kitufe cha kuondoa kelele. Ukikiacha kimewashwa kinafuta mngurumo wote na unabaki na kitu kikavu. Tukakizima. Kisha tukaachana na kioo. Kitufe cha kijana ni vipande viwili vya ubao mwembamba, katikati sponji iliyotobolewa, juu na chini karatasi ya foili. Akikandamiza kwa kiganja, foili zinagusana kupitia lile tundu. Waya zinaenda kwenye saketi iliyotolewa ndani ya kibodi kuukuu ya kompyuta, na kompyuta inadhani mtu amebonyeza herufi. Vitufe vinne, sauti nne.

Mahali pa kuviweka alichagua yeye. Sisi tulipanga meza. Yeye akataka kimoja ubavuni mwa goti, viwili mbele, kimoja nyuma ya kiwiko, kwa sababu kiwiko ndicho kiungo chake chenye haraka. Hakuna kitabu ambacho kingenipa jibu hilo. Na muda ambao programu inapaswa kusubiri kabla ya kukubali mguso wa pili, ili kule kuchelewa kwa mkono kusilete mlio mara mbili, aliupanga yeye na dada yake, dada akipandisha namba na yeye akitikisa kichwa.

Msimamo wangu ndio huo: atakayekipiga awe mezani kabla ya waya wa kwanza, na muziki uwe ule ambao mwili wake unaujua. Karibuni.

---

Mwanakwaya Makole

Mkuu heshima yako, nimekusoma vizuri. Ila naomba kuuliza. Kwaya zetu hapa Dodoma zinaimba nyimbo za Kigogo na kinanda miaka yote na watu wanabarikiwa. Masikio yanazoea. Kwa nini usimzoeshe kijana kinanda, ili kesho aweze kupiga na kwaya yoyote ya mjini?

---

Fundi wa Nkuhungu

Swali zuri, Mwanakwaya. Ni kweli watu wanazoea, na mwenye kutaka kupiga kinanda cha kwaya apewe kila msaada. Ninachokipinga ni kumlazimisha kuzoea kabla hajapata furaha ya sauti ya kwanza. Mtu mwenye mikono mizuri akijifunza kinanda anabeba mzigo mmoja. Huyu kijana mkono peke yake unamchosha, halafu tunamwongezea ngazi ya sauti ngeni, na kioo kinachoteleza. Mizigo mitatu kwa mpigo.

Na kitaalamu hakuna sababu ya kumnyima. Kompyuta haina shida na 700. Kuna programu za bure za kutengeneza sauti, Surge XT ni mojawapo, unazipa faili dogo la maandishi lenye ngazi ya sauti unayoitaka nazo zinafuata. Aliyeweka ngazi ya piano kama mwanzo wa kila kitu hakuwa na nia mbaya, alikuwa anawawazia watu wa kwao. Sisi tuwawazie wa kwetu. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, alizunguka dunia na ilimba na zeze, akarekodi kwenye lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza, na hakuhitaji kuipeleka ilimba kwenye ngazi ya piano ili asikilizwe.

---

Kibodi Bila Kioo

Wakuu nachangia kama mhusika. Sioni tangu utotoni, natengeneza biti na kurekodi kwaya hapa mjini. Huu ujumbe naandika kwa simu ya kawaida ya Android, TalkBack, yaani msomaji wa skrini, programu ya kutamka kilichoandikwa kwenye kioo, inanisomea.

Niseme ukweli kuhusu studio, maana watu wengi wakiwaza mwanamuziki asiyeona wanawaza mtu wa kupiga kinanda na kuimba. Anayerekodi, anayekata, anayechanganya sauti, hawamfikirii kabisa. Programu inayotumika studio nyingi za Bongo Flava ni FL Studio, na hiyo kwa msomaji wa skrini ni ukuta. Unasikia "dirisha", "dirisha", basi. Nilikaa studio za watu nikimwambia mwenye macho "punguza besi hapo, sogeza ile mbele", wimbo wangu uko kwenye mikono ya mtu mwingine na saa inalipiwa.

Kilichonitoa hapo ni vitu vitatu. NVDA, msomaji wa skrini wa bure wa Windows, ulioanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh, wote wawili hawaoni. REAPER, programu ya kurekodi, unaijaribu siku 60, leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Na OSARA, kiongezo cha bure cha kuifanya REAPER iongee vizuri na msomaji, ambacho James Teh yumo kwenye kazi yake. Mnaona mkono wa nani uko hapo. Ndiyo maana inafanya kazi. Mtu aliyekutana na ukuta mwenyewe ndiye anayejua mlango ukae wapi.

Sasa niwape jambo ambalo mwenye macho hatalifikiria kamwe. Msomaji wa skrini anaongea. Na mimi ninachofanyia kazi ni sauti. Nikiwa nasikiliza ubeti nijue maiki imechukua pumzi wapi, yule naye anapayuka "sekunde nne nukta tatu, treki ya pili". Vinagongana sikio moja. Kwangu nimetenganisha: kompyuta inatoa maneno kwenye kadi ya sauti ya ndani kwenda kifaa kidogo cha sikio la kushoto, muziki unatoka kwenye kadi ya nje kwenda spika. Mtu akibuni chochote kwa ajili yetu aanze na swali hilo: maneno yatakaa wapi ili muziki ubaki mzima? Wakati mwingine jibu ni kwamba kifaa kisiongee kabisa. Kiteteme mkononi, au kitoe mlio mfupi.

Mikisa yangu nayo imewekwa alama na rangi ya kucha. Tone moja kwenye sifuri ya kila kitelezi, matone mawili kwenye chaneli ya maiki kuu. Ikikauka inabaki nundu, kidole kinaisoma. Na nundu hizo zina historia ndefu, wakuu. Louis Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda cha kanisani Paris, na kitabu chake cha 1829 kilichotangaza maandishi ya nukta kilikuwa na nukta za muziki tangu siku ile.

---

Mpwapwa Junior

Samahanini wadau kama nitakwaza mtu. Hapa mkoani kuna watoto wenye ulemavu hawana baiskeli za magurudumu, hawana mafuta ya ngozi, shule ziko mbali. Mnazungumzia ilimba ya kompyuta? Tupange vipaumbele.

---

Fundi wa Nkuhungu

Hujakwaza mtu, Junior, na hayo uliyoyataja yote ni kweli na yanauma. Lakini hizo ni kazi mbili zinazoweza kwenda pamoja. Mimi sina uwezo wa kutengeneza baiskeli ya magurudumu, nina uwezo wa kuchomea waya. Nikikaa bila kuchomea, baiskeli haitaongezeka.

Halafu tusiwapangie wenzetu kwamba wao haja zao ziishie kwenye chakula na dawa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una ibara ya 30 inayozungumzia utamaduni, na inataka watu wenye ulemavu wapate nafasi ya kukuza vipaji vyao vya sanaa, kwa faida yao na ya jamii nzima. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, 2010. Sijasoma mahali palipoandikwa kwamba sanaa ni ya baada ya kushiba.

Na kuna riziki humo. Mpiga kinanda wa harusi analipwa. Anayerekodi kwaya analipwa, Kibodi hapo juu ni shahidi. Kinshasa kuna kundi la Staff Benda Bilili, wengi wao waliopooza miguu kwa polio, walipiga muziki mitaani wakiwa kwenye baiskeli za magurudumu matatu za kujiundia. Kijana wao Roger Landu alipiga ala ya uzi mmoja aliyoitengeneza kwa kopo la maziwa. Albamu yao ya 2009 iliwafikisha majukwaa ya Ulaya. Ile ala ilibuniwa na mpigaji mwenyewe kwa alichokuwa nacho, hakuna mradi uliomletea.

---

Mwalimu wa Alama

Nimefuatilia uzi huu tangu asubuhi. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama, nafanya kazi na viziwi. Naomba viziwi wasisahaulike, kwa sababu kila ukitaja muziki mtu anakuambia "hao haiwahusu".

Inawahusu. Ngozi na mifupa vinasikia mtetemo. Sehemu za ngozi zinazopokea mtetemo ziko makini zaidi karibu na hezi 250, yaani mitetemo 250 kwa sekunde, na ukipanda sana juu, karibu na hezi 1000, zinaishiwa. Kwa hiyo ngoma, besi, na sauti nzito ya kiume zinafika mwilini vizuri. Filimbi haifiki. Evelyn Glennie wa Uskoti, mpiga ngoma mashuhuri ambaye ni kiziwi, hupiga akiwa pekupeku ili miguu imletee habari za jukwaa.

Sasa niwaulize, wanawake wa Kigogo wanaishikaje ngoma ya muheme? Katikati ya mapaja. Ngozi ya ngoma iko juu, kiwiliwili chake kimebanwa na miguu miwili. Mtetemo unaingia mwilini moja kwa moja. Niliwahi kukaa na wasichana viziwi waliopewa muheme na mama mmoja mpigaji, hakuna kifaa hata kimoja, na walishika mdundo kwa kumtazama mama mabega na kuusikiliza kwa mapaja. Walipokosea, mama aliweka kiganja chake juu ya ngoma yao na kupiga ya kwake, wakahisi tofauti, wakarudi.

Kwa ufundi, tulichoongeza ni kidogo. Spika ya besi imelazwa kifudifudi, juu yake ubao mpana wa jukwaa, wanasimama au wanakaa juu yake bila viatu. Wengine wanapenda kushika puto lililojazwa hewa, linatetemeka mikononi. Angalizo: msipandishe sauti kupita kiasi mkidhani "hawasikii". Wengi wana usikivu uliobaki, na mwalimu na majirani nao wana masikio. Ubao ndio unaofanya kazi, si ukubwa wa kelele.

Na mkiwaita kwenye mkutano wa kubuni kifaa, mkalimani alipwe kama fundi anavyolipwa. Bila mkalimani mnakuwa mmewaalika kutazama.

---

Dada wa Chamwino

Nashukuru kwa mchango wa muheme, Mwalimu. Naongezea kama binti wa wapigaji. Hapa Chamwino kila mwaka tunaona wageni na wenyeji wanakuja kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, kila mtu na simu yake anarekodi. Swali langu kwa Fundi: sauti za ilimba ya yule mjomba sasa ziko kwenye kompyuta. Kesho mtu akizichukua akaziweka kwenye programu ya kuuzwa, mjomba anapata nini? Na zile sauti za mama zetu? Muheme ni ngoma ya akina mama, ina namna yake ya kufundishwa na ina watu wake. Kushirikisha kunakosemwa hapa kusiishie kwa mwenye ulemavu tu huku mwenye muziki akiachwa nje.

---

Fundi wa Nkuhungu

Dada yangu, hili ni zito na nakushukuru kulileta. Kwa ilimba ile, rekodi ziko kwa mjomba na kwa kijana, kwangu nimebaki na nakala ya matengenezo ambayo mjomba anajua kuwa ninayo. Tumeandikiana karatasi moja ya Kiswahili cha kawaida, nani amepiga, zitumike wapi, na zisiuzwe bila yeye kukubali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda haki za mpigaji, na ina sehemu inayohusu kazi za jadi pia, ila mimi si mwanasheria. Karatasi ile inasaidia kwa sababu kila mmoja ameielewa siku ileile, kabla ya kurekodi.

Kuhusu akina mama umesema kweli. Ukitaka kuweka muheme kwenye kifaa, wanaojua muheme waamue kipi kiingie na kipi kibaki kwao. Na walipwe kwa siku wanazokuja kufundisha, kama Mwalimu alivyosema kuhusu mkalimani.

---

Kijana wa Programu

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuo kimoja hapa Dodoma, nasoma kompyuta. Nimehamasika sana. Nataka mradi wangu uwe programu ya simu ambayo mtu mwenye ulemavu wa mikono anapiga ilimba kwa kutikisa kichwa mbele ya kamera, sauti inatoka kwenye spika ya Bluetooth. Mnanishaurije?

---

Fundi wa Nkuhungu

Marahaba kijana. Wazo la kamera lina watangulizi, watazame kwanza usije ukarudia kazi. Mwanamuziki wa Marekani Pauline Oliveros na wenzake walianza mwaka 2007 kutengeneza AUMI, programu ya bure ambayo kamera inafuata sehemu moja ya mwili, na sehemu hiyo ikivuka eneo fulani kwenye picha inalia sauti. Waliifanyia kazi na watoto wenye ulemavu mkubwa wa viungo katika jimbo la New York. Unaweza kuijaza sauti zako mwenyewe, zikiwamo za ilimba. Huko Uingereza kuna Soundbeam, ya miaka ya 1980, inatumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kupima umbali wa mkono au kichwa. Ni nzuri lakini bei yake si ya kwetu.

Kamera inahitaji mwanga. Nyumba nyingi jioni, wakati watu wamerudi na ngoma inaanza, zina taa moja hafifu. Vumbi la Dodoma linaziba lenzi. Jaribu mapema kwenye chumba halisi cha mtu halisi, saa anayopiga yeye.

Bluetooth achana nayo kabisa kwa kazi hii. Mpigaji wa mdundo anaanza kusumbuka sauti ikichelewa kiasi cha milisekunde 10 au kidogo zaidi. Spika ya Bluetooth mara nyingi inachelewa zaidi ya milisekunde 100, na nyingine karibu 200. Piga hesabu: sauti hewani inasafiri kama mita 3.4 kwa milisekunde 10. Kuchelewa milisekunde 150 ni sawa na kuisikia ngoma yako mwenyewe ukiwa umesimama mita 50 mbali nayo. Hakuna anayeweza kuitikia wimbo hivyo. Mtu mwenye viungo vizima anaweza kujilazimisha kupiga mapema kidogo. Asiyeweza kuutuma mkono wake kwa uhakika atadhani kosa ni lake. Tumia waya.

---

Kibodi Bila Kioo

Kijana, nikuongezee. Usije kwetu na programu, njoo na daftari. Kaa kwenye mazoezi, uone nani anaanza wimbo, nani anaitikia, mwenzetu mwenye ulemavu amekaa upande gani. Kwenye ngoma zetu kuna kazi ya kila mtu: kuanzisha, kuitikia, kupiga makofi, kucheza. Labda huyo unayemwazia hataki kupiga ilimba peke yake mbele ya kamera. Labda anataka kuitikia na wenzake kwa wakati, sauti moja tu, mahali panapotakiwa. Hicho kifaa kina kitufe kimoja na ni kazi ngumu kuliko unavyodhani, kwa sababu lazima kiwe tayari kila mara.

Na usiandike kwenye mradi wako "walengwa". Waandike majina yao kama wabunifu wenzako, wakikubali.

---

Kijana wa Programu

Nimepokea. Kwa hiyo kama nikianza na kitufe kimoja cha kuitikia, kwa waya, nitumie nini cha bei nafuu ambacho hata kijijini kikiharibika mtu atakitengeneza?

---

Fundi wa Nkuhungu

Tumia mausi kuukuu ya waya. Ifungue, utaona swichi ya kubofya kushoto ina miguu yake chini ya saketi. Chomea waya mbili kwenye miguu ile inayogusana ukibofya, uzipitishe kwenye tundu la pembeni hadi kwenye soketi ya kawaida ya vifaa vya masikioni, ile ya milimita 3.5. Sasa kitufe chochote chenye plagi ya aina hiyo kinachomekwa humo: cha foili, cha mguu, cha kiwiko, hata swichi ya kengele ya mlangoni. Kompyuta inaona mtu amebofya tu. Kitufe kikifa, kinabadilishwa bila kugusa mausi. Ukitaka kuiunganisha na simu, kuna kile kiwaya kifupi cha kuchomeka USB kwenye simu, kwenye maduka ya vifaa vya simu utakipata, ila hakikisha kwanza simu yenyewe inakikubali.

Ukitaka mguso mwepesi zaidi, kwa mtu asiye na nguvu ya kukandamiza, tafuta kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia ndani ya saa za kengele na midoli. Kikigongwa kinatoa umeme kidogo wenyewe. Kibandike chini ya ubao, hata pigo la kidole kimoja kitalisikia. Kisahani hichohicho ukikibandika kwenye mwili wa ilimba na kukipeleka kwenye amplifaya kinakuwa maiki, na hakiokoti kelele za watu waliokaa karibu.

Mausi zilizokufa tairi lakini saketi ni nzima ninazo kwenye boksi, na mafundi wenzangu wa Sabasaba na Majengo nao hawakosi. Kabla hujachomea ya kwanza, mtafute atakayeipiga mkubaliane kitufe kitakaa kwenye kiungo gani, kisha niletee vipimo hapahapa kwenye uzi: urefu wa waya, anakaa chini au kwenye kiti, anabonyeza kwa uzito kiasi gani. Mwalimu, kama kuna kiziwi kwenye kundi hilohilo, tuseme mapema tuweke na ubao wa besi.